Kielelezo cha Pili

Msiwasikilize wanaosema kwamba Jamhuri ya Shwari haina sheria. Sheria zipo tele, zimejalidiwa vizuri na kufungiwa kabatini zisiingie vumbi. Msiwasikilize pia wanaosema kwamba polisi wake ni wavivu. Wasemao hivyo hawajawaona wakilinda kombe.

Kombe lenyewe liko juu ya kabati hilo hilo, katika Kituo cha Polisi cha Shwari Kati. Linaitwa Kombe la Utulivu, na hutolewa kila mwaka kwa kituo chenye matukio machache kuliko vyote. Shwari Kati walikuwa wamelibeba miaka kumi na mmoja mfululizo, kwa sababu katika miaka yote hiyo, zile kurasa za Kitabu cha Matukio zilizotengwa kwa ajili ya wanawake waliobakwa hazikuandikwa hata nukta. Zilikuwa nyeupe pe. Wageni kutoka nchi jirani waliletwa kwa basi kuzitazama, wakaruhusiwa kuzigusa mradi wamenawa mikono.

Basi Jumamosi moja, saa saba mchana, pakaingia hapo kituoni mwanamke wa miaka thelathini na minne, amevaa dera la kuazima na ameshika mfuko wa karatasi ya kaki. Jina lake Mwasiti Kibwana, fundi cherehani wa mtaa wa Vibarazani.

Ilikuwa wiki ya kuzaliwa kwa Baba Mtukufu, Rais wa Kudumu, wiki ambayo kila mwanamke wa Shwari hutakiwa kujifunga kanga yenye sura yake. Asubuhi hiyo, saa nne, Mwasiti alikuwa amepeleka sare za kwaya kwenye stoo ya Kamati ya Sherehe. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Kadiri Shomvi, mtu aliyefungua kila kikao kwa sala ndefu, alizipokea zile sare, akazisifu, kisha akafunga mlango kwa komeo.

Yaliyotokea mle ndani hayatasimuliwa hapa. Inatosha kusema kwamba Mwasiti alikataa, akakataa tena, na hakusikilizwa. Alipotoka, mikono yake, ambayo hutunga uzi kwenye sindano bila kutazama, ilikuwa haiwezi kufunga hata kifungo.

Alikwenda moja kwa moja zahanati kwa Nesi Fausta. Huyu Fausta alikuwa na tabia moja mbaya iliyokwisha kumpatia barua tatu za onyo kutoka wizarani: mtu akimweleza jambo, alikuwa anaamini mara ya kwanza.

"Nimekusikia, mdogo wangu," alisema akifunga mlango. "Na kosa si lako. Tuanze hapo."

Akampa dawa za kinga kabla ya karatasi yoyote, jambo ambalo huko Shwari ni utovu wa nidhamu. Akampima, akachukua sampuli, akaitia kanga ya Mwasiti kwenye mfuko wa kaki badala ya ule wa nailoni, nailoni isije ikaivundisha. Kisha akamvisha dera lake mwenyewe.

"Hizi sampuli maabara ya mkoa hawazipokei bila Fomu Namba Tisa yenye muhuri wa polisi," alimwambia. "Wametoa saa sabini na mbili. Yaani Jumanne saa nne asubuhi, mwisho. Ukitaka kwenda, nenda. Ukichoka, rudi kwangu ulale. Usipotaka kwenda kabisa, pia ni sawa, na dawa utameza vile vile."

Mwasiti alifikiri. "Nataka iandikwe," akasema. "Asije akaniambia mtu siku moja kwamba nimeota."

Hilo tu ndilo alilolitaka. Ilikuwa ni kuiomba Shwari figo.

*

Dawati la Faragha lilikuwa barazani, kati ya foleni ya waliopotelewa na mbuzi na kigoda cha mama muuza karanga. Juu yake palining'inizwa bango jekundu lenye maandishi DAWATI LA FARAGHA, ili kila apitaye barabarani amjue aliyekuja kwa siri. Mhudumu wake alikuwa Koplo Ngwengwe, mtu mpole, aliyepewa kipaza sauti kwa ajili ya kudumisha uwazi.

"KARIBU DADA," kipaza sauti kikanguruma. "TATIZO LAKO LA SIRI NI LIPI?"

Watu wa mbuzi wakageuka. Mama wa karanga akasogeza kigoda. Mwasiti akainama, akamweleza koplo kwa sauti ndogo, maneno machache, bila kupunguza wala kuongeza. Koplo Ngwengwe akaweka chini kipaza sauti. Akalitazama kombe kupitia dirishani, akamtazama Mwasiti, akalitazama tena kombe.

"Dada, una hakika?"

"Nina hakika."

"Si kwamba ni Jumamosi? Maana Jumamosi watu huwa wamechoka, wanaona mambo."

"Nina hakika, afande."

"Ulikuwa umevaaje?"

"Gauni, na kanga ya sherehe kiunoni. Nimekuja nayo." Akainua ule mfuko.

"Mizigo getini," alisema koplo bila kuangalia. "Ulipiga kelele?"

"Nilipiga."

"Kiasi gani? Maana zipo kelele za kuomba msaada, zipo za mazungumzo. Hebu piga tena hapa, tupime."

Mwasiti akamkazia macho. "Nikipiga, mtakuja?"

"Tutakujaje, dada, na tuko hapa hapa?"

Hakupiga. Koplo akaandika kwenye kiganja chake, kwa kuwa kitabu hakiandikwi, kwamba mlalamikaji hana kelele. Kisha akamsomea mahitaji ya Fomu Namba Tisa. Kwanza, barua ya balozi wa nyumba kumi ya kuthibitisha kwamba mlalamikaji ni mtu ambaye mambo humtokea. Pili, mashahidi wawili walioona kila kitu na hawakufanya chochote, maana shahidi aliyefanya chochote anahesabiwa kuwa na upande. Tatu, barua ya mtuhumiwa mwenyewe kwamba hana pingamizi kutuhumiwa, pamoja na picha yake ndogo akiwa anatabasamu.

"Ukivipata hivyo, njoo siku yoyote," alisema koplo kwa upole wa kweli. "Isipokuwa kesho. Kesho tunang'arisha kombe."

Jumapili Mwasiti alishinda kwa Nesi Fausta. Alijaribu kushona shati la mteja, mshono ukaenda upogo, akaufumua, ukaenda upogo tena. Akaweka kichwa juu ya cherehani akalia. Fausta hakumwambia anyamaze. Alikaa karibu naye akimenya viazi, na vilipoiva wakala, na hiyo ndiyo ikawa huduma pekee ya ushauri nasaha iliyotolewa katika Jamhuri ya Shwari mwisho wa wiki ile.

"Kesho tunakwenda wote," alisema Fausta. "Na mfuko hauachwi getini."

*

Jumatatu mchana walimkuta Mkuu wa Kituo mwenyewe, Inspekta Kilindo, anawasubiri mlangoni kwa bashasha. Aliwaingiza ofisini. Mezani palikuwa na chupa kubwa ya chai ya maziwa, sahani ya vitumbua, na nyuma ya vitumbua, akiwa ameshafika kikombe cha pili, Bwana Kadiri Shomvi.

Mwasiti alirudi nyuma hatua mbili. Fausta akamshika kiwiko.

"Ndugu zangu," alianza inspekta akiwa amesimama, kidole gumba kimechomekwa kwenye mkanda. "Hii ndiyo Chai ya Suluhu. Nchi nyingine zimejengwa kwa mawe na saruji. Shwari imejengwa kwa chai! Leteni mgogoro wowote hapa, wa mpaka, wa kiwanja, wa mwili, sisi tunauliza swali moja tu la kitaalamu: sukari vijiko vingapi? Kwa hiyo dada yetu atakunywa, kaka yetu atakunywa, na kurasa zetu zitabaki kama zilivyozaliwa."

"Mimi kwa upande wangu nimeshamsamehe," alisema Bwana Kadiri akipangusa mdomo.

"Umenisamehe nini?" Mwasiti aliuliza.

"Unaona?" Inspekta alishangilia. "Mwenzio ameshaanza!"

"Mimi sinywi chai na mtu huyu. Nimekuja iandikwe."

Chai ilitoa moshi. Inspekta alivuta pumzi ndefu ya mtu aliyezungukwa na wasio wazalendo.

"Haya. Tuonyesheni hicho mlichokuja nacho, halafu ndiyo unywe."

Nesi Fausta akafungua ule mfuko wa kaki, akaitandaza kanga juu ya meza.

Sura ya Baba Mtukufu ilikuwa katikati, kubwa, inacheka, na chini yake maneno BABA YUPO NASI. Lakini kanga ilikuwa imechanika kwa nguvu za mikono ya mtu, kutoka sikio la kushoto la Baba, ikapita katikati ya jicho, hadi kidevuni.

Kikombe cha inspekta kilianguka kikavunjika. Alisimama wima akapiga saluti. Koplo Ngwengwe, aliyekuwa mlangoni, akapiga saluti na kugonga kichwa kwenye fremu.

"Nani..." inspekta alinong'ona. "Nani kamfanyia hivi?"

Mwasiti akanyoosha kidole. Bwana Kadiri alikamatwa kitumbua kingali mdomoni.

Tangu hapo, nawaambia, mngeona polisi wakifanya kazi. Ililetwa benchi ya kulalia na feni. Ililetwa blanketi. Askari wa kike, ambaye siku zote alisemekana hayupo kwa sababu za bajeti, alitokea chumba cha pili akakaa kando ya kanga, akaambiwa aongee nayo taratibu na asiishike bila ridhaa yake. Alifika daktari kutoka mkoani. Kikaamriwa chumba chenye mapazia na mlinzi, kanga isije ikatishwa na ndugu za mtuhumiwa. Inspekta alipiga marufuku maswali yoyote kwa saa ishirini na nne, akisema aliyepitia jambo kama hilo anahitaji kwanza kujisikia yuko salama.

Hakuna aliyeiuliza kanga ilifuata nini stoo saa nne asubuhi. Hakuna aliyeiuliza mbona ilifungwa kwa kubana. Wala hakuna aliyeitaka ipige kelele.

Mwasiti, ambaye hakuwa amepewa hata kiti, aliyatazama hayo yote akiwa amesimama kandokando ya ukuta. Kumbe wanajua! Hilo ndilo lililomchoma. Alikuwa amedhani hawajui namna ya kumtendea mtu aliyeumizwa, kumbe wanajua kila kitu, mpaka habari ya blanketi. Hasira ikampanda, ya kwanza tangu Jumamosi, na akashangaa kuona kwamba mikono imeacha kutetemeka.

Fomu Namba Tisa ilijazwa kwa dakika nne. Jina la aliyeumizwa: Kanga. Umri: wiki moja. Hali ya ndoa: haihusiki. Muhuri ukapigwa hata meza ikatikisika, na kabla wino haujakauka Nesi Fausta alikuwa ameshaibana fomu na sampuli alizokuja nazo mkobani na kuzipakia kwenye gari la wagonjwa, ambamo kanga ilikuwa imelazwa peke yake. Zilifika maabara Jumatatu hiyo hiyo, saa kumi na moja jioni. Majibu yalipotoka yalisema kwamba kanga ni mwanamke mwenye afya njema, na kwamba alama alizoachiwa ni za Bwana Kadiri Shomvi bila shaka yoyote.

*

Kesi ilisikilizwa wiki mbili baadaye, na mahakama ilijaa hadi madirishani. Sheria ya Heshima ya Sura ya Baba ni fupi na wazi: atakayeidhuru sura atafungwa miaka thelathini, na kila neno litakalosemwa katika kesi hiyo litaandikwa kwa wino usiofutika, na atakayefuta hata neno moja naye atafungwa miaka thelathini.

Kanga ilikaa kwenye kiti cha shahidi ndani ya fremu ya kioo, chini ya feni. Hiyo ndiyo iliyokuwa Kielelezo cha Kwanza. Mwasiti alibandikwa karatasi kifuani iliyoandikwa: Kielelezo cha Pili, mvaaji.

"Kielelezo cha Pili," alisema mwendesha mashtaka, "ieleze mahakama kanga ilikuwa wapi."

"Ilikuwa kiunoni kwangu."

"Ieleze mahakama kanga iliumia kiasi gani."

"Kanga haikuumia," alisema Mwasiti. "Kanga ni pamba. Mimi nilikuwa ndani yake."

Hakimu, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aligonga meza. "Shahidi ajibu kuhusu kanga!"

Zikasomwa zile ripoti za maabara. Bwana Kadiri, aliyekuwa amekusudia kusema kwamba siku hiyo hakuwapo stoo, aliona mlango huo umefungwa. Alitazama miaka thelathini ikimjia, akalowa jasho, halafu ghafla uso ukamchangamka. Alikuwa ameona njia. Akaomba ruhusa ya kujitetea.

"Mheshimiwa hakimu," alisema, mkono kifuani, "mimi nampenda Baba. Nina picha zake saba nyumbani, moja iko chooni ili nisimsahau hata huko. Naapa sikuwa na ugomvi wowote na kanga! Nia yangu ilikuwa kwa mwanamke. Mlango niliufunga kwa ajili yake yeye. Alisema hataki, akasema tena hataki, nikamkaba, nikambaka. Ndivyo ilivyokuwa, na watu wote wajue. Kanga ilikuwa njiani tu, mheshimiwa. Nisingemgusa Baba hata kwa unyoya."

Akakaa, amepumua, mtu aliyesafisha jina lake. Wajumbe wa kamati wakampigia makofi. Makofi yakapungua. Kisha yakakoma, na katika kimya hicho kikasikika kitu kimoja tu, kalamu ya karani, inakwaruza.

"Karani," hakimu aliita taratibu. "Umeyaandika hayo?"

"Kila neno, mheshimiwa."

"Yafute."

Karani aliitazama kalamu. Akaisukuma kwa kidole, polepole, hadi mbele ya hakimu. "Afute nani, mheshimiwa?"

Hakimu akaisukuma kwa mwendesha mashtaka. Mwendesha mashtaka akaisukuma kwa Inspekta Kilindo, ambaye alikumbuka kwamba ana kiu. Kalamu ikazunguka ukumbi mzima ikarudi ilikotoka.

Mwasiti alikuwa amesimama. Hakuombwa kusimama.

"Naomba asome," alisema.

Karani akasoma. Alisoma vizuri, kwa sauti, na hakuruka kitu. Alipofika kwenye neno mwanamke, Mwasiti akamkatiza.

"Mwanamke gani?"

"Kielelezo cha Pili, kaa chini!"

"Mwanamke gani, Bwana Kadiri? Au ilikuwa kanga?"

"Si kanga!" Bwana Kadiri aliruka kwa woga. "Ni huyu! Mwasiti Kibwana, fundi wa Vibarazani!"

"Andika," Mwasiti alimwambia karani, na karani akaandika.

Hukumu ilitoka kabla ya chakula cha mchana. Bwana Kadiri alipewa miaka thelathini, kumi na mitano kwa jicho lililochanika na kumi na mitano kwa jicho lililoshuhudia. Kuhusu Kielelezo cha Pili, mahakama ilimpa pole, ikampendekezea chai. Mwasiti aliiacha chai. Alibandua ile karatasi kifuani, akapanga foleni kwa karani, akatoka na nakala ya mwenendo wa kesi iliyopigwa mihuri mitatu.

*

Wiki iliyofuata magazeti ya Shwari yaliandika habari njema. Wanawake wa nchi nzima walikuwa wamefurika madukani kununua kanga za Baba. Walizivaa shambani, ofisini, sokoni, na wale ambao wakubwa wao wa kazi wana mikono ya kupapasa walijifunga mbili mbili. Kiwanda kikaongeza zamu. Baba Mtukufu alilihutubia taifa akitokwa na machozi, akasema katika maisha yake yote hakuwahi kupendwa namna hii.

Jumatano asubuhi Koplo Ngwengwe alikuwa barazani aliposikia viatu vingi. Aliinua kipaza sauti kuwafukuza. Kisha akaona waliokuja wamevaa nini, akakiweka chini, akasimama wima na saluti. Sura ishirini za Baba zilikuwa zinamtazama zikicheka, na katika Jamhuri ya Shwari huwezi kumwambia Baba aondoke. Benchi la watu wa mbuzi likajaa.

Mwasiti akaweka mezani nakala yake yenye mihuri mitatu. "Sasa kitabu," akasema.

Koplo akaingia ndani. Alikaa huko muda. Alirudi amekishika kwa mikono miwili, akakifungua kwenye zile kurasa nyeupe, na akabaki ameinua kalamu hewani.

"Dada," alisema kwa sauti yake mwenyewe, bila kipaza sauti. "Sijui inaanzia namba ngapi. Sijawahi."

"Andika moja."

Akaandika moja. Akaandika Mwasiti Kibwana. Akaandika lile neno, herufi moja moja, na Mwasiti alilisoma juu chini kutoka upande wa pili wa meza hadi alipohakikisha limekamilika. Hapo ndipo akavuta kiti akakaa. Tangu ile Jumamosi hakuwa amekaa kwenye kiti cha kituo kile.

Koplo akataka kukifunga kitabu.

"Bado," alisema Nesi Fausta kutoka kwenye benchi. Alikuwa amevaa kanga kama wenzake, mkoba wake wa zahanati mapajani. "Mbili ni mimi. Mwaka wa kumi na mmoja sasa. Nilikuja hapa hapa, mkaninywesha chai."

Koplo Ngwengwe alimtazama. Kisha akalitazama benchi lote, kutoka mwanzo hadi mwisho, akageuka mlangoni akaomba aletewe kalamu nyingine.